Hiyo "Bei ya Zamani" Ilikuwa Lini?

Wasomaji wetu wakaao mijini wazijua sana karatasi zile nyekundu na za manjano zining'iniazo katika supamaketi, hasa mwisho wa mwezi na katika majuma ya kuelekea Noeli na Pasaka. Bei moja imeandikwa kwa tarakimu ndogo na kupigwa mstari. Chini yake bei nyingine imeandikwa kwa tarakimu kubwa kama kichwa cha mtoto. Na juu ya zote mbili neno moja: OFA. Mama aliyekwenda kununua sukari na chumvi hurudi na sukari, na chumvi, na mifuko mitatu ya sabuni ya unga, na sufuria ambayo hakuiwaza alipotoka nyumbani. Akiulizwa, ajibu kwa moyo mweupe kwamba ameokoa shilingi 14,000. Lakini fedha hiyo iliyookolewa haimo mkobani.

Hatuandiki haya ili kuwacheka akina mama. Akina baba nao tumewaona wamesimama mbele ya redio na viatu vya ofa kama watu waliopigwa na butwaa. Wala hatusemi kwamba kila punguzo ni uongo. Mwenye duka aweza kupunguza bei kwa sababu njema kabisa: ameagiza mzigo mkubwa mno, au msimu umepita, au ataka watu waijue bidhaa mpya. Hapo muuzaji apata faida na mnunuzi apata nafuu, na hakuna wa kulaumiwa. Tunalotaka kulichunguza leo ni punguzo lisilopunguza kitu, na jinsi familia yenye fedha za kuhesabu iwezavyo kulitambua kabla ya kufungua pochi. Kwa mtu mwenye mshahara mnono kosa la shilingi elfu mbili ni kosa dogo. Kwa nyumba iishiyo kwa fedha za juma hata juma, elfu mbili ni mboga ya siku mbili, au nauli ya mtoto kwenda shuleni.

Basi swali la kwanza ni hili: bei ile iliyopigwa mstari ilikuwa bei ya lini, na ilidumu siku ngapi?

Katika mwaka 2011 kampuni ya Tesco, iliyo kubwa kuliko zote za supamaketi nchini Uingereza, iliuza matunda ya stroberi kwa tangazo la nusu bei: pauni 1.99 badala ya pauni 3.99. Mnunuzi mmoja, mwanamke mstaafu wa mji wa Birmingham, aliona jambo hilo halikai sawa, akalipeleka kwa maofisa wanaosimamia biashara. Walipochunguza, ikaonekana kwamba bei kubwa ilitumika kwa muda mfupi sana, hali ile iitwayo nusu bei ilidumu majuma 14. Sasa bei ya kweli ya matunda yale ilikuwa ipi? Kitu kiuzwacho pauni 1.99 kwa majuma 14 bei yake ni pauni 1.99, na ile nyingine ilikuwa imepitishwa dukani ili ipate kupigwa mstari tu. Kampuni ilikiri kosa, na mwezi wa Agosti 2013 mahakama iliitoza faini ya pauni 300,000. Tazameni kwamba jambo zima lilianzishwa na mwanamke mmoja aliyekuwa na kumbukumbu nzuri ya bei.

Mfano wa pili watoka Australia, nao ni mgumu zaidi kuugundua. Mwezi wa Septemba 2024 tume ya ushindani ya nchi ile iliyashitaki mahakamani makampuni mawili makubwa ya supamaketi, Woolworths na Coles, kwa ajili ya matangazo ya punguzo juu ya bidhaa 266 za kampuni ya kwanza na 245 za kampuni ya pili. Makampuni yote mawili yalikana shitaka. Sisi si mahakimu, ila hesabu iliyodaiwa na tume yafaa kusomwa pole pole, kwa maana ni somo kamili. Pakiti kubwa ya biskuti za Oreo iliuzwa Woolworths kwa dola 3.50 kwa muda usiopungua siku 696, yaani karibu miaka miwili. Mwishoni mwa Novemba 2022 bei ikapandishwa kuwa dola 5.00. Ikakaa hapo siku 22 tu. Kisha tarehe 20 Desemba pakiti ile ile ikawekewa kibandiko cha bei iliyoshushwa: "ilikuwa dola 5.00, sasa dola 4.50." Kila neno katika kibandiko hicho laweza kutetewa. Kweli ilikuwa 5.00, kweli sasa ni 4.50. Walakini mama aliyekuwa akinunua biskuti zile miaka yote sasa alipa dola moja zaidi, yaani asilimia 29 zaidi ya bei aliyoizoea, na juu yake aambiwa ashukuru.

Hapa ndipo lilipo fumbo. Mtu aweza kudanganya kwa maneno ambayo kila moja, likisimama peke yake, ni kweli.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimejaribu kuliziba tundu hilo kwa sheria. Tangu tarehe 28 Mei 2022 mwenye duka atangazaye punguzo hana budi kuonyesha bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku zisizopungua 30 kabla ya punguzo hilo. Kama kawaida, wakatokea wenye akili. Nchini Ujerumani duka la Aldi Süd lilitangaza ndizi kwa euro 1.29, punguzo la asilimia 23, kwa kuwa bei iliyotangulia ilikuwa euro 1.69. Kwa herufi ndogo likaandika kwamba bei ya chini kabisa katika siku 30 ilikuwa ... euro 1.29! Yaani bei ya ofa na bei ya siku chache zilizopita zilikuwa moja. Tarehe 26 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba haitoshi kuitaja bei ya chini kwa herufi ndogo. Asilimia yenyewe ya punguzo yapasa kuhesabiwa kutoka bei hiyo. Kwa hesabu hiyo ndizi zile hazikuwa na punguzo hata la senti moja.

Labda msomaji atauliza: Kwa nini hila nyepesi namna hii yafaulu kwa watu wazima wenye akili timamu? Jibu lilitolewa zamani kidogo. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza jaribio walilolifanya. Walizungusha gurudumu lenye namba kutoka 0 hata 100 mbele ya watu, kisha wakawauliza: kati ya nchi zilizo katika Umoja wa Mataifa, asilimia ngapi ni za Afrika? Gurudumu lilikuwa limetengenezwa lisimame penye 10 au penye 65 tu. Wale walioona 10 walikisia, kwa wastani wa kati, asilimia 25. Wale walioona 65 walikisia asilimia 45. Gurudumu haliwezi kujua lolote juu ya Afrika. Hata hivyo namba iliyotangulia kuonekana iliivuta akili kama kamba iivutavyo mbuzi. Bei iliyopigwa mstari hufanya kazi ile ile. Waweza usiiamini, nayo ikakuvuta bado.

Tena haifai kuwatupia wafanya biashara lawama yote. Mwezi wa Februari 2012 kampuni ya JC Penney ya Marekani, yenye maduka makubwa ya nguo na vyombo, chini ya mkuu wake mpya Ron Johnson, iliacha desturi ya ofa na kuponi. Ikashusha bei zote na kuziandika wazi, bila mistari wala makelele. Ungedhani wanunuzi watashangilia. La! Walikimbia. Mauzo ya mwaka ule yalipungua kwa kadiri ya robo nzima, na mwezi wa Aprili 2013 mkuu yule akaondolewa. Tunakiri kwamba habari hii yatusikitisha kuliko ile ya stroberi, kwa sababu yaonyesha kwamba wengi wetu twapenda kuambiwa tumeshinda kuliko kuambiwa kweli. Muuzaji ajua hivyo, naye atuuzia ushindi pamoja na sabuni.

Turudi sasa katika hesabu za nyumbani, maana hapo penseli yashinda maneno. Tuseme chupa ya mafuta ya kupikia ya lita 1 yauzwa shilingi 6,500, na dumu la lita 3 lina kibandiko cha OFA, shilingi 20,400. Watu wengi watachukua dumu, kwa kuwa tumezoea kwamba kikubwa ni nafuu. Gawanyeni: 20,400 kwa 3 ni 6,800. Dumu la ofa limezidi shilingi 300 kwa kila lita. Huo si wizi, kwa kuwa bei zote mbili zimeandikwa wazi. Lakini neno OFA hapo limekaa kama kilemba juu ya kichwa cha jogoo.

Au tuseme mfuko wa sabuni wa kilo 1 uliuzwa 5,400. Leo bei ni ile ile 5,400, mfuko una rangi mpya na maneno "sura mpya", ila ukisoma kwa makini chini pembeni utaona gramu 900. Kwa bei ya kilo sasa walipa 6,000, nyongeza ya asilimia 11, wala hakuna aliyetamka neno "nyongeza". Hila hii imeenea hata Ufaransa ikaitungia amri: tangu tarehe 1 Julai 2024 supamaketi za huko zapaswa kuweka tangazo karibu na bidhaa ambayo kipimo chake kimepunguzwa na bei ya kila kilo au lita ikapanda, na tangazo hilo likae miezi miwili. Nabii Amosi angeifahamu upesi. Katika sura ya nane ya kitabu chake awakemea wachuuzi waliokuwa wakingoja sabato iishe ili wauze nafaka kwa pishi iliyopunguzwa na uzito wa fedha ulioongezwa.

Kuna na lile neno dogo "hadi". "Punguzo hadi asilimia 50": mtu asoma hamsini, haisomi "hadi". Yawezekana soksi moja tu katika duka zima ndiyo iliyopunguzwa nusu, na vingine vyote asilimia tano. Na kuna "lipa mbili, chukua tatu", ambayo ni punguzo la kweli la theluthi moja kwa mtu atakayetumia zote tatu. Kwa nyumba ya watu wawili inunuayo maziwa ya mgando yatakayoharibika Alhamisi, kopo la tatu halikuwa la bure. Lilikuwa sababu ya kununua la pili. Tazameni daima tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwenye duka aandikaye wazi, "Bei imeshuka kwa kuwa siku zimebaki chache," huyo ametenda kwa haki, na mnunuzi mwenye haja ya leo amchukulie bila wasiwasi.

Dawa ya hila hizi zote ni daftari la senti chache. Andikeni humo vitu kumi na vitano ambavyo nyumba yenu hununua kila mwezi, kipimo chake, bei yake, na tarehe. Baada ya miezi mitatu hakuna kibandiko kitakachowababaisha, kwa kuwa swali la "ilikuwa lini?" mtakuwa mmelijibu wenyewe. Mpeni mtoto wa darasa la sita kazi hiyo. Atajifunza kugawanya kwa desimali kuliko afunzwavyo ubaoni, na atakuwa mkali kuliko mama yake.

Mama mmoja alituletea risiti pamoja na swali. Kwenye rafu aliona mchele wa ofa kwa shilingi 8,200. Kwa keshia akatozwa 9,500. Alipouliza, akaambiwa ofa ilikwisha jana na kibandiko kilisahauliwa. Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu, watu wakaguna, akaona haya, akalipa. Sasa aliuliza: Je, si uchoyo kurudi kudai shilingi 1,300?

Twamjibu mbele ya wote. Si uchoyo. Kibandiko kilicho rafuni ni neno la mwenye duka, na mnunuzi alifanya shauri lake kwa kulitegemea neno hilo. Kama limesahauliwa, aliyesahau ndiye abebe hasara, si aliyesoma. Tena hesabu haiishii kwake: wanunuzi mia mbili wakitozwa vivyo hivyo kwa siku moja, ni shilingi 260,000. Arudi kwa adabu, asimgombeze keshia ambaye hana mamlaka, aombe kumwona msimamizi, aonyeshe risiti. Ndiyo maana twasema: daini risiti ya mashine, isomeni kabla ya kuvuka mlango, na isitupwe mpaka mzigo umefunguliwa nyumbani. Picha ya kibandiko iliyopigwa kwa simu nayo ni shahidi asiyesahau.

Wala hatuko bila sheria. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 yakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria hiyo ndiyo ya kuipelekea malalamiko. Jirani zetu wa Kenya wameiweka haki ya mnunuzi katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 46, pamoja na haki ya kupewa habari zimpasazo. Lakini sheria hulala mpaka mtu aiamshe. Mama wa Birmingham hakuwa wakili.

Limebaki jambo ambalo hatuwezi kulipita, kwa kuwa lawagusa vijana wengi wa nyumba zetu waliopata kazi katika maduka hayo. Kijana aitwa na msimamizi Ijumaa usiku, apewa rundo la vibandiko, aambiwa: "Pandisha hizi leo, Jumatatu tutazishusha tuseme ni ofa." Afanyeje? Akikataa, nje wako hamsini wataka nafasi yake, na nyumbani wako wadogo wamtegemea kwa karo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipochunguza udanganyifu katika kuuza na kununua, alitoa mfano wa mfanya biashara afikaye na ngano mahali inapouzwa ghali, naye ajua kwamba nyuma yake waja wengine na shehena nyingi. Je, amepaswa kuwaambia wanunuzi kwamba bei itashuka? Thoma ajibu kwamba kwa haki tupu hakupaswa, ingawa akisema atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi. Mfano huu watufaa, kwa sababu waonyesha mpaka. Kunyamaza juu ya bei ya kesho ni jambo moja. Kutundika karatasi isemayo jambo la uongo juu ya bei ya jana ni jambo jingine, nalo Thoma yule yule asema kwamba kutumia hila ili kuuza kwa zaidi ya bei ya haki ni dhambi kabisa.

Basi lawama kubwa ni ya yule aliyeipanga hila, na faida ni yake. Kijana abandikaye karatasi kwa amri, kwa kuhofia mkate wake, hafanani naye, wala hatutaki mtu yeyote amwite mwizi. Hata hivyo hakosi nafasi yake ya uhuru, japo ni ndogo. Aweza kumwambia msimamizi faraghani kwamba wateja wameanza kuweka daftari, na kwamba duka litaaibika. Aweza kukataa kuapa: mnunuzi akimwuliza, "Kweli hii ilikuwa elfu kumi?" asijibu ndiyo. Ajibu, "Ilikuwa elfu kumi tangu Ijumaa." Neno hilo ni la kweli, ni fupi, na mwenye masikio atasikia. Na akiwa na rafiki zake wawili watatu katika kazi ile, waseme pamoja; msimamizi humfukuza mmoja upesi, watatu huwafikiria.

Na ninyi wenye maduka mnaosoma gazeti hili, wakubwa kwa wadogo, mkitaka kushusha bei, andikeni hivi: bei ilikuwa kiasi gani, tangu tarehe gani hata tarehe gani, leo ni kiasi gani, na itakoma lini, na bei ya kilo moja au lita moja ni ngapi. Kibandiko kitakuwa kirefu kidogo, na labda hakitapendeza macho kama kile chekundu. Kibandikeni hata hivyo mwezi mmoja, mkatazame ni wateja gani watakaorudi.